George Wright au Ross Barnes? Kuchagua mlinzi wa ndani wa kumfuatilia katika besiboli ya zamani

Anayetaka kujua besiboli ya kulipwa ilivyoanza Marekani hulemewa haraka na majina ya klabu na takwimu zisizofanana na za leo. Njia rahisi ni kumchukua mchezaji mmoja na kumfuata msimu kwa msimu, na walinzi wa ndani (wanaolinda eneo la besi, vituo ambavyo mkimbiaji hupitia) wanafaa kuliko wengine, kwa sababu mabadiliko kadhaa ya kanuni ya karne ya 19 yaliwagusa moja kwa moja. Hapa tunawapambanisha George Wright na Ross Barnes, waliosimama jirani katika timu ya Boston kuanzia 1871 hadi 1875, Wright akiwa shotistopu (kati ya besi ya pili na ya tatu), Barnes akiwa besi ya pili. Baada yao wanafuata Bid McPhee na Bud Fowler, ambao kwa baadhi ya wasomaji watafaa zaidi.

Kwa mwenye haraka: anayependa ulinzi na namna mchezaji alivyojijengea maisha amchukue Wright. Anayetaka kuelewa jinsi kanuni zinavyozaa takwimu amchukue Barnes. Mwenye nafasi ya mmoja tu amchukue Barnes, na sababu zinakuja.

Uwanja walioukuta

Umbali kati ya besi na besi ulikuwa futi 90 kama leo, yaani mita 27.4. Mengine mengi yalikuwa tofauti. Mrushaji alisimama futi 45 tu kutoka kwa mpigaji, na mkono wake ulipaswa kupita chini ya kiuno. Mpigaji aliruhusiwa kuagiza mpira wa juu au wa chini, na mrushaji alilazimika kumtii. Mpira wa faulo (uliotoka nje ya mistari) uliodakwa baada ya kudunda mara moja ulihesabiwa auti, yaani mpigaji ametolewa. Walinzi hawakuwa na glavu.

Hilo la glavu ndilo linalopotosha wasomaji wengi. Mpira mgumu uliopigwa kwa nguvu ulidakwa kwa viganja vitupu, mikono miwili pamoja, vidole vikielekea chini kwa mpira wa ardhini na juu kwa mpira wa kifuani. Aliyedaka alirudisha mikono nyuma kidogo mpira ulipofika, ili kupunguza kishindo. Kidole kilichouelekea mpira kwa ncha kilivunjika au kuteguka, na wengi walimaliza kazi wakiwa na vidole vilivyopinda. Kwa hiyo makosa yalikuwa mengi. Mwaka 1876 Barnes aliongoza ligi nzima kati ya walinzi wa besi ya pili kwa wastani wa ulinzi wa 0.910, maana yake karibu nafasi moja katika kila kumi na moja iliharibika mikononi mwa aliyekuwa bora kuliko wote. Mlinzi wa leo mwenye namba hiyo asingepata kazi. Usimpime Barnes kwa kipimo cha leo.

George Wright: mikono, mkono wa kurushia na akili

Wright alizaliwa New York tarehe 28 Januari 1847 katika nyumba ya kriketi. Baba yake, Samuel, alikuwa mchezaji wa kulipwa wa klabu ya kriketi ya St George, na kaka yake mkubwa, Harry, alizaliwa Sheffield, Uingereza. Msomaji anayeijua kriketi ataelewa mara moja faida yake: George alikua akidaka mpira mgumu kwa mikono mitupu tangu utotoni.

Mwaka 1867, wakati malipo yalikuwa bado yamekatazwa rasmi, aliichezea Washington Nationals akiwa ameandikishwa kama karani, na anwani iliyotajwa kuwa ya kazini kwake ilikuwa bustani ya umma. Miaka miwili baadaye kificho kiliondolewa. Cincinnati Red Stockings wakawa timu ya kwanza kukiri wazi kwamba wachezaji wake wote wanalipwa. Harry alikuwa kiongozi kwa dola 1,200, na George alipata dola 1,400, kiwango cha juu kuliko mwenzake yeyote kikosini. Walishinda mechi 57 bila kufungwa hata moja. Takwimu za Wright zinazotajwa mara kwa mara kwa msimu huo ni wastani wa kupiga (mipigo halali ikigawanywa kwa nafasi za kupiga) wa 0.633 na homurani 49 (mipigo inayomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote). Zichukue kwa tahadhari. Wapinzani wengi walikuwa timu za mitaa za wasiolipwa, na mrushaji alikuwa akirusha kwa mkono wa chini mpira ulioagizwa na mpigaji mwenyewe. Zinatuambia Wright alikuwa mbali mbele ya wenzake mwaka ule. Hazifai kulinganishwa na msimu wowote wa ligi.

Thamani yake kubwa ilikuwa ulinzi. Hapo mwanzo kabisa shotistopu hakuwa mlinzi wa ndani kamili. Alikuwa mtu wa kuzunguka, akipokea mipira kutoka nje na kuipeleka ndani. Dickey Pearce wa Brooklyn, mtu mfupi mwenye akili nyingi, ndiye anayesifiwa kwa kuifanya nafasi hiyo kuwa ya kudumu kati ya besi ya pili na ya tatu. Wright aliisogeza nyuma zaidi. Ukisimama mbele, mpira unakufikia upesi na unaweza kuurusha taratibu, lakini eneo unalofunika ni dogo. Ukisimama nyuma unafunika eneo pana, ila unahitaji mkono wa kuurusha mpira hadi besi ya kwanza kabla mkimbiaji hajafika. Wright alikuwa na mkono huo.

Kuna hila yake moja inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Wakimbiaji wako besi ya kwanza na ya pili, na mpigaji anapiga mpira wa juu mwepesi unaoelekea kwa Wright. Mkimbiaji mwerevu hatoki, kwa sababu mpira ukidakwa akiwa ametoka anaweza kutolewa. Wright anajiandaa kama anayedaka, kisha anauacha mpira uguse ardhi na kuunasa papo hapo. Sasa mpira haukudakwa, mpigaji ana haki ya besi ya kwanza, na wakimbiaji wote wawili wanalazimika kusogea huku wakiwa bado wamesimama. Anaurusha besi ya tatu, unapelekwa besi ya pili, na wawili wametolewa. Barnes alikuwa mmoja wa waliopaswa kuisoma hila hiyo mapema ili awe kwenye besi kwa wakati. Kanuni ya kuizuia ilikuja miaka ya 1890, Wright akiwa ameshastaafu zamani.

Mwendo wake wa ligi una matuta machache. Mwaka 1871 alivunjika mguu na kucheza mechi 16 tu. Kuanzia 1872 hadi 1875 Boston ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo, na katika msimu wa mwisho ilishinda mechi 71 na kupoteza 8. Tarehe 22 Aprili 1876, mjini Philadelphia, Wright akawa mpigaji wa kwanza kabisa katika historia ya Ligi ya Taifa (National League): alipiga mpira wa chini kwa shotistopu Davy Force na kutolewa. Kisha mpira wa kupinda, unaobadili mwelekeo hewani, ulienea, na wastani wake ukashuka kutoka 0.299 mwaka 1876 hadi 0.276, halafu 0.225. Hata hivyo Boston ilichukua ubingwa wa 1877 na 1878 naye akiwa mlinzi wa ndani. Ulinzi ndio uliomweka kikosini.

Mwaka 1879 alihamia Providence kama meneja na mchezaji, akaishinda Boston ya kaka yake na kutwaa ubingwa. Hakuwahi kuwa meneja wa msimu mwingine: msimu mmoja, taji moja.

Ross Barnes: mpigo uliofutwa na ugonjwa uliosahaulika

Barnes alizaliwa Mount Morris, New York, tarehe 8 Mei 1850, akakulia Rockford, Illinois, ambako alicheza pamoja na mrushaji Al Spalding. Wote wawili walichukuliwa na Harry Wright kwenda Boston mwaka 1871. Msimu ule ambao Wright aliuguza mguu, Barnes alicheza mechi zote 31 na kupiga 0.401. Mwaka 1872 na 1873 alivuka 0.420. Mwaka 1876, akiwa Chicago pamoja na Spalding, alikuwa bingwa wa kwanza wa kupiga wa Ligi ya Taifa: mipigo halali 138 na mikimbio (alama) 126 katika mechi 66. Homurani ya kwanza ya ligi hiyo pia ni yake, tarehe 2 Mei 1876 mjini Cincinnati.

Silaha iliyomtangaza ni mpigo wa fea-faulo. Hadi 1876, uhalali wa mpira uliamuliwa na mahali ulipogusa ardhi mara ya kwanza. Ukigusa ndani ya mistari, ulikuwa halali hata kama ungetoka nje papo hapo. Barnes alilishusha gongo kwa mkato juu ya mpira, mpira ukagonga udongo hatua chache mbele yake, ndani ya mstari, kisha ukachupa kwa mzunguko kwenda nje upande wa besi ya tatu au ya kwanza. Mlinzi akaanza kuufukuza kwenye eneo la faulo huku Barnes akiwa anafika besi, na mara nyingine anaipita.

Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Ukikata kwa chini mno, mpira unadunda juu na mdakaji (mlinzi wa nyuma ya mpigaji) anaupata. Ukichelewa kidogo, unagusa nje ya mstari na ni faulo, na faulo ikidakwa baada ya mdundo mmoja ni auti. Haki ya kuagiza urefu wa mpira ilisaidia, kwa sababu mpigaji alijua mapema gongo lishukie wapi.

Walinzi walijibu kwa kumsogeza mtu wa besi ya tatu karibu na mstari. Hapo pengo kati yake na shotistopu likapanuka, na Barnes alikuwa na macho ya kuliona na mikono ya kulipigia. Hili ndilo husahauliwa na wanaomwita mtu wa mbinu moja. Tishio la fea-faulo lilimfungulia mipigo ya kawaida.

Majira ya baridi kabla ya msimu wa 1877 kanuni ilibadilishwa: mpira unaotoka nje kabla ya kufika besi ya kwanza au ya tatu ukawa faulo. Msimu huo Barnes alicheza mechi 22 tu na kupiga 0.272. Watu wamejumlisha mambo hayo mawili na kusema kanuni ilimmaliza. Hoja hiyo haisimami. Mechi 22 ni msimu wa mgonjwa. Alishikwa na homa kali iliyomdhoofisha muda mrefu, na mwili wake haukurudi ulivyokuwa. Mtu aliyepoteza mbinu tu angeendelea kuingia uwanjani na kupiga vibaya. Alipopata nafuu alicheza Cincinnati mwaka 1879 na kupiga 0.266, kisha Boston mwaka 1881 na kupiga 0.271, chini ya kanuni mpya, nguvu zikiwa zimepungua, na akicheza zaidi kama shotistopu, nafasi iliyokuwa ya Wright. Kanuni ilimnyang'anya sehemu ya mipigo yake, bila shaka. Ila aliyebaki bado alikuwa mchezaji wa ligi kuu.

Mikataba: hapa wanaachana kabisa

Barnes alipougua, klabu ya Chicago ilikata mshahara wa muda ambao hakucheza. Alikwenda mahakamani na kushindwa. Kwa mchezaji wa wakati ule, homa ilikuwa hasara yake mwenyewe.

Wright alikutana na mkono mwingine wa klabu hizo hizo. Mwishoni mwa Septemba 1879, wenye klabu walikubaliana kila moja ijiwekee wachezaji watano ambao wengine hawataruhusiwa kuwaajiri. Providence ilimweka Wright. Hakukubali masharti yao, na kwa kuwa alikuwa na njia nyingine ya kuishi, aliweza kukataa: mwaka 1880 alicheza mechi moja tu. Duka lake la vifaa vya michezo mjini Boston, lililokuja kujulikana kama Wright & Ditson, lilikuwa linakua. Aliuza vifaa vya besiboli, akaingia kwenye tenisi na gofu, na mwanawe Beals alitwaa ubingwa wa tenisi wa Marekani mwaka 1905. Mwaka 1882 George alirudi Providence kwa msimu wa mwisho, akapiga 0.162, akaacha.

Ukitaka mfano wa kwa nini mchezaji wa zama hizo alihitaji kipato cha nje, wasome wawili hawa kwa pamoja. Yule mwenye duka alikataa na kubaki salama. Yule asiye na duka aliugua na kulipwa pungufu.

McPhee kwa mwenye kupenda mikono

Bid McPhee aliichezea Cincinnati misimu 18, kuanzia 1882 hadi 1899, karibu mechi zake zote akiwa besi ya pili. Wenzake walipovaa glavu, yeye alikataa hadi 1896. Kabla ya msimu alilowesha mikono kwenye maji ya chumvi ili ngozi ikomae. Mwaka 1886 alifikisha auti 529 alizokamilisha mwenyewe, rekodi kwa mtu wa besi ya pili. Mwaka 1896, akiwa na kidole kilichoumia, alivaa glavu hatimaye, na wastani wake wa ulinzi ukafika 0.978. Iweke namba hiyo pembeni ya 0.910 ya Barnes, kisha uone miaka 20 ya mazoezi, viwanja bora na ngozi ya glavu ilivyofanya kazi.

Mfuate McPhee kama unataka mwendo mrefu, wa klabu moja, wenye takwimu kamili za ligi. Hatakuonyesha mapambano ya kanuni kama Barnes.

| | Wright | Barnes | McPhee |
|---|---|---|---|
| Nafasi kuu | Shotistopu | Besi ya pili | Besi ya pili |
| Misimu ya ligi | 1871–1882 | 1871–77, 1879, 1881 | 1882–1899 |
| Wastani wa kupiga, jumla | takriban 0.300 | takriban 0.360 | takriban 0.272 |
| Kilichomaliza mwendo | biashara na umri | ugonjwa | umri |
| Ukumbi wa Heshima (mwaka wa kuingia) | 1937 | hayumo | 2000 |

Mitego ya namba

Misimu ya 1871 hadi 1875 ilichezwa katika Chama cha Taifa (National Association), mashindano yaliyotangulia Ligi ya Taifa, ambacho Major League Baseball haikitambui kuwa ligi kuu. Orodha rasmi kwa hiyo humwanzisha Barnes 1876 na kufuta miaka yake mitano bora. Ukiona mechi 234 tu kwa jina lake, unasoma orodha ya namna hiyo. Tafuta yenye jumla ya mechi 499.

Wastani wake wa 1876 nao huandikwa kwa njia mbili, 0.429 na 0.404. Zote zinatokana na mipigo ile ile 138. Ukigawa kwa nafasi 322 za kupiga unapata 0.429. Mwaka ule mpigaji aliyepewa besi kwa mipira mibaya alihesabiwa kama aliyepata nafasi na kuikosa, na Barnes alipewa besi hivyo mara 20. Gawa kwa 342, ni 0.404. Unapomlinganisha na mtu wa miaka mingine tumia ya kwanza.

Jihadhari pia na jumla. Boston ya 1871 ilicheza mechi 31, na miaka ya 1890 timu zilivuka 130. Jumla za McPhee zitamfunika Barnes kila mahali kwa sababu ya wingi wa mechi peke yake.

Ukumbi wa Heshima wa Cooperstown, unaowaenzi wachezaji bora, unadai misimu kumi. Barnes ana tisa. Mchezaji bora wa Chama cha Taifa, bingwa wa kwanza wa kupiga wa Ligi ya Taifa, yuko nje kwa msimu mmoja ambao homa ilimnyima. Hiyo ni dhuluma ya kikaratasi, na ni sababu mojawapo ya kumtanguliza hapa. Wright ana kibao chake tayari.

Na Bud Fowler

Hayumo kwenye jedwali kwa sababu ligi kuu hazikumruhusu kupata namba za kuwekwa humo. Jina lake la kuzaliwa ni John W. Jackson. Alizaliwa Fort Plain, New York, mwaka 1858, akakulia Cooperstown, na ndiye mchezaji Mweusi wa kwanza anayejulikana kucheza besiboli ya kulipwa. Aprili 1878 alikuwa mrushaji wa timu ya wachezaji waliokusanywa iliyowafunga Boston, mabingwa wa ligi, 2–1. Baadaye alitulia besi ya pili na kuzunguka miji midogo, Stillwater, Keokuk, Topeka, kila msimu akianza upya. Binghamton ilimwacha mwaka 1887 baada ya wenzake weupe kugoma, na tarehe 14 Julai mwaka huo wenye klabu wa ligi ambayo Binghamton ilicheza wakaamua kutotoa mikataba mipya kwa wachezaji Weusi. Nafasi ya besi ya pili ilikuwa ya hatari zaidi kwake, kwa kuwa wakimbiaji waliteleza wakiwa wameinua viatu vyenye njumu kuelekea miguu yake. Mwaka 1895 aliongoza Page Fence Giants ya Adrian, Michigan, aliyokuwa miongoni mwa walioianzisha. Aliingia Ukumbi wa Heshima 2022.

Kumfuata Fowler ni kazi ya aina nyingine. Hakuna ukurasa mmoja wenye mwendo wake wote. Unakwenda mji kwa mji kwenye magazeti ya wakati ule, ukitafuta matokeo ya mechi chini ya jina la Fowler, si Jackson. Anza na Keokuk 1885 na Binghamton 1887, miaka ambayo magazeti ya miji hiyo yaliandika habari zake, kisha rudi nyuma hadi 1878. Kwa Barnes anza na 1872, umsome sambamba na Wright hadi 1876, halafu uvuke moja kwa moja kwenda 1879 kabla ya kurudi 1877. Ukiusoma mwaka wa ugonjwa mwishoni, hautakupotosha.